Kutoka Chungu cha Sumu hadi Fuwele

Msunguti ukichanua haumwonyi mtu. Maua yake ni madogo, meupe yaliyoguswa na rangi ya waridi, yamesongamana pale majani yanapoota, na harufu yake mtu wa pwani angeidhani ya asumini. Wataalamu wa mimea huuita Acokanthera schimperi. Huota wenyewe porini, kuanzia Pembe ya Afrika kushuka hadi Kenya na Tanzania.

Wagiriama na Waata wa nyika ya Kenya walikata matawi na mizizi yake vipandevipande, wakavichemsha kwa saa nyingi, wakatupa makapi, wakaendelea kuchochea hadi maji yakawa utomvu mweusi mzito kama lami. Utomvu ulipakwa karibu na kichwa cha mshale, kisha ukaviringishiwa ngozi nyembamba ili usikauke wala kuharibiwa na jua. Kabla ya kwenda kumwinda ndovu, sumu ilijaribiwa. Mtu alijichanja, akaiacha damu itiririke, akaigusa sumu kwenye ncha ya mchirizi, mbali na jeraha, halafu akatazama weusi unavyopanda. Ukipanda mbio, sumu ni kali, na mwenyewe anafuta damu kabla weusi haujafika kwenye kidonda.

Mkemia akisimama kando ya chungu kile ataitambua kazi yake mwenyewe. Kuchemsha ni kukamua dawa kwa kiyeyushi, na kiyeyushi chenyewe ni maji. Kuchochea hadi utomvu ni kukoleza. Ngozi ile ni kifungashio cha kuzuia mwanga na hewa. Mchirizi wa damu ni jaribio la nguvu ya dawa, tena lenye kipimo, kwa sababu kasi ya weusi ndiyo hesabu. Kilichokosekana chunguni ni kitu kimoja tu: sumu yenyewe ikiwa peke yake, imetengwa na mamia ya vitu vingine vilivyotoka pamoja nayo katika mti uleule.

Kitu hicho kilipatikana Paris mwaka 1888. Mkemia Léon-Albert Arnaud alishughulikia mti uliotoka kwa Wasomali, ambao nao waliutumia kwa mishale na kuiita sumu yake waabaayo. Akapata fuwele nyeupe safi, na kwa kuwa hakuwa na jina lingine la kuzipa, akazipa jina la wenyewe kwa matamshi ya Kifaransa. Ndiyo uabaini ya leo. Karibu wakati huohuo huko Edinburgh, Thomas Fraser alikuwa akitenga dawa ndugu yake kutoka mmea mwingine wa mishale, kombe wa bonde la Zambezi. Habari za mmea huo zilienea Ulaya kupitia John Kirk, daktari wa msafara wa Livingstone, yuleyule aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Unguja zama za Sultani Barghash. Inasimuliwa kwamba mswaki wake ulikaa mfuko mmoja na sumu ya mishale. Alipopiga mswaki alihisi uchungu mdomoni, kisha akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Mswaki mchafu ukafanya kazi ya maabara.

Nimeanza na sumu makusudi. Tunapozungumzia kutenga na kutambua kemikali za mimea, maneno huishia haraka kwenye “dawa za asili” na ahadi zake, na swali lenyewe linapotea. Swali lina sehemu tatu, na hazina ugumu sawa. Ndani ya mmea mna nini? Kitu hicho kimeundwaje, atomu kwa atomu? Na ni nani hasa aliyekitengeneza? Wengi wetu tunadhani kazi imekwisha pale la kwanza linapojibiwa. Mimi nadhani la tatu ndilo linalotuumbua mara nyingi kuliko yote.

Kazi huanzia porini, wala haianzi na kemia. Anayekata tawi la kusaga anapaswa kukata na jingine la kukausha na kubandika kwenye karatasi, lenye maua au matunda, na kuandika mahali, tarehe na jina wanalolitumia wenyeji. Hebaria ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi ilianzia Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902, ikahamishwa mwaka 1950, na makabati yake ni mahakama ya rufaa ya fani hii. Majina ya kisayansi hubadilika. Mti wa Arnaud uliitwa Acokanthera ouabaio. Leo unahesabiwa ndani ya schimperi. Karatasi yenye tawi lililokauka haibadiliki. Utafiti usio na karatasi hiyo, hata uwe na grafu za kupendeza kiasi gani, unazungumzia jani lisilojulikana, na mimi huufunga hapohapo.

Kisha unakuja uchaguzi wa kiyeyushi, na watu huupita haraka mno. Kiyeyushi ni kama ndoana: kila ndoana na samaki wake. Maji ya moto yaliifaa sumu ya msunguti kwa sababu molekuli yake imebeba sukari, inakubaliana na maji, na inavumilia moto wa kutwa nzima. Mtu angechemsha vivyo hivyo mmea wa Artemisia annua angeikosa dawa yake ya malaria. Tu Youyou na wenzake walikwama hapo Beijing mpaka alipofikiria kwamba moto ndio unaoua dawa. Alipotumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 tu, mambo yakafunguka. Mwaka 1972 kundi lake likapata fuwele, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Anayechagua kiyeyushi ameshabashiri, kabla hajajua chochote, jinsi molekuli anayoitafuta ilivyo.

Ukiingia maabara ya aina hii saa nne asubuhi, Dar es Salaam au Nairobi, utakuta majani yaliyokaushwa kivulini na kusagwa yameloweshwa kwenye methanoli siku mbili au tatu. Methanoli inachujwa, inavukizwa katika chupa inayozunguka juu ya maji ya uvuguvugu, na kinachobaki ni uji wa kijani kibichi unaonata kama asali na kunuka nyasi zilizokatwa. Humo mna kila kitu: nta, rangi, sukari, mafuta, na pengine kile unachokitafuta. Uji huo unawekwa juu ya mrija wa kioo uliojazwa unga mweupe wa silika, halafu viyeyushi vinamiminwa polepole kutoka juu, kuanzia vyepesi kama heksani na kuongezewa ukali kidogo kidogo. Kila kemikali hushuka kwa mwendo wake. Ile inayoishikilia silika inachelewa, isiyoijali inawahi. Mtaalamu wa mimea Mikhail Tsvet aliyaona haya mapema karne ya 20 alipopitisha rangi za majani kwenye unga wa chokaa, zikajipanga mikanda ya kijani na manjano. Mwaka 1906 akauita utaratibu huo kromatografia, yaani maandishi ya rangi.

Siku hizi mwanafunzi hukaa chini ya mrija huo akipokea matone katika vichupa vilivyoandikwa namba, mia moja, mia mbili. Kutoka kila kichupa anachukua tone kwa neli nyembamba kama sindano, analigusisha kwenye bamba dogo la silika, analisimamisha bamba kwenye bilauri yenye kiyeyushi kidogo, na kungoja lilowe hadi juu. Chini ya taa ya urujuanimno madoa yanajitokeza meusi juu ya kijani. Akilinyunyizia bamba vanilini yenye asidi na kulipasha moto, madoa yasiyoonekana yanageuka zambarau, bluu, waridi. Vichupa vyenye doa linalofanana vinaunganishwa. Doa likiwa moja tu, la mviringo, lisilo na mkia, mwanafunzi huyo hutabasamu. Baada ya majuma ya kazi hiyo, kilo kadhaa za majani huwa zimeishia kwenye miligramu tano za unga chini ya kichupa.

Halafu, mara nyingi, unga wenyewe ni beta-sitosteroli. Walio kwenye fani watacheka hapa, au watalia. Sitosteroli imo karibu katika kila mmea. Ukitafuta kwenye mnazi utaikuta, kwenye mchicha utaikuta. Lupeoli na kwasetini nazo ni wageni wasiobisha hodi. Kuna wageni wabaya zaidi: kemikali za kulainishia plastiki, zinazotoka kwenye mipira na chupa za maabara, na ambazo zimewahi kutangazwa mara kadhaa kuwa mali ya mmea. Kwa hiyo maabara zenye uwezo huanza siku hizi kwa kupima uji mzima kwa spektromita ya masi na kulinganisha na orodha za kampaundi zinazojulikana, ili mtu asipoteze mwaka akimfukuza jirani aliyemzoea.

Kutambua muundo ni kazi nyingine kabisa, na zamani ilikuwa ya kizazi kizima. Mofini ilitengwa kutoka afyuni mwanzoni mwa karne ya 19. Muundo sahihi ulipendekezwa na Robert Robinson mwaka 1925. Uabaini ilikuwa fuwele tangu 1888, lakini umbo lake lilijulikana vizuri katika miaka ya 1940, na kuijenga yote kwa mikono ya wakemia kulifanikiwa Kanada mwaka 2008. Miaka 120. Wakemia wa zamani walilazimika kuivunja molekuli, kuvitambua vipande, na kukisia nyumba kutokana na kifusi chake.

Leo nyumba haivunjwi. Spektromita ya masi hutoa uzito, na kutokana na uzito tunapata hesabu ya atomu: kwa uabaini, kaboni 29, haidrojeni 44, oksijeni 12. Hesabu hiyo haisemi zimepangwaje, kama vile orodha ya mabati na misumari isivyokuonyesha paa. Mpangilio hutoka kwenye sumaku. Miligramu zile tano huyeyushwa katika klorofomu maalumu na kutiwa ndani ya mashine ya NMR, na kila haidrojeni huitika kwa sauti yake kulingana na majirani zake. Aliye karibu na oksijeni huitika upande mmoja wa grafu, aliye kwenye mnyororo wa kaboni tupu upande mwingine. Mwenye majirani wawili hupasuka vipande vitatu. Anayesoma grafu hizo huunganisha jirani kwa jirani mpaka mtaa mzima ukakamilika. Ni kazi ya kupendeza kuitazama. Fuwele nzuri ikipatikana, miale ya eksirei humaliza mabishano yote kwa picha moja.

Sumaku hiyo, kwa bahati mbaya, inataka heliamu ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, na inataka ijazwe kwa ratiba bila kukosa. Hapo ndipo pesa inapoanza kuandika historia ya sayansi. Eneo letu halijakosa watu: Muhimbili ilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za jadi mwaka 1974, mtandao wa NAPRECA wa wakemia wa mimea wa Afrika Mashariki na Kati uliundwa mwaka 1984, na Mayunga Nkunya na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichambua jamii ya Uvaria, ndugu wa mstafeli, wakitafuta dawa ya malaria. Hata jaribio la awali linalopendwa hapa ni la watu wasiotaka kutumia pesa bure: mayai ya uduvi wa maji ya chumvi huanguliwa kwenye bilauri, dawa inatiwa, na asubuhi unahesabu waliokufa. Lakini vichupa vingi vya miligramu tano vimesafiri kwa ndege kwenda Ulaya au Japani kupigiwa picha ya sumaku, na aliyepiga picha huwa na sauti kubwa jina la kampaundi linapotangazwa.

ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi kilichoasisiwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, kilionyesha jinsi jambo hili linavyoweza kufanyika vizuri jaribio linapokuwa la nyumbani. Magome ya Warburgia, ambayo Wakikuyu huyaita muthiga na Wamaasai osokonoi, huwaka ulimini kama pilipili manga. Wakemia wa ICIPE wa kundi la Koji Nakanishi waliyakamua na kuwapa viwavijeshi majani ya mahindi yaliyopakwa kila sehemu ya uji. Sehemu ambayo kiwavi aliikataa ndiyo waliyoifuata hadi mwisho, wakapata waburganali, iliyotangazwa mwaka 1976. Kiwavi alikuwa mwonjaji, na alikuwa adui halisi wa shamba la mahindi. Mwaka huohuo Ajuga remota, mmea mdogo wa maua ya samawati unaoota Kenya, uliwapa ajugarini kwa njia ya namna hiyohiyo.

Sasa swali la tatu. Mwaka 2013 kundi la watafiti lilitangaza katika jarida kubwa la kemia la Ujerumani kwamba mizizi ya mti Nauclea latifolia kutoka kaskazini mwa Kameruni ina tramadoli, tena kwa wingi. Tramadoli ni dawa ya maumivu iliyobuniwa na kampuni ya Kijerumani miaka ya 1960. Dunia ilishangaa: mti wa Afrika umewatangulia Wajerumani! Kutenga kulikuwa safi, na kutambua hakukuwa na kasoro: molekuli ilikuwa tramadoli kweli. Mwaka uliofuata watafiti wa chuo kikuu cha TU Dortmund walikwenda Kameruni wakapima kwa upana zaidi. Wakaikuta tramadoli kaskazini tu, kusini hamna. Wakaikuta katika mizizi ya miti mingine isiyo na undugu na Nauclea. Wakaikuta udongoni na majini. Na pamoja nayo wakakuta mabaki yanayozalishwa pale tramadoli inapopita katika mwili wa mnyama. Wakulima wenyewe walieleza: huimeza ili wahimili jua, na huwapa ng'ombe wa kukokota jembe. Ng'ombe hukojoa, mti hunywa. Mabishano yaliendelea mpaka kaboni-14 ikaitwa kutoa ushahidi mwaka 2016, kwa maana kaboni ya petroli haina kaboni-14 na kaboni ya mti inayo. Ushahidi ukaelekea kiwandani.

Huo ulikuwa mkojo wa ng'ombe. Kisa cha pili kinatuhusu moja kwa moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Marekani ilikuwa ikikusanya mimea ya dunia nzima kutafuta dawa za saratani. Kichaka kimoja cha jamii ya Maytenus kilichokusanywa Ethiopia kilionyesha nguvu, na mwaka 1972 Morris Kupchan na wenzake wa Virginia wakatangaza mayitansini, iliyothibitishwa umbo lake kwa eksirei. Tatizo lilikuwa kiasi: miligramu 0.2 kwa kila kilo ya mmea. Ndugu yake mwenye dawa zaidi, Maytenus buchananii, alikuwa Shimba Hills, Kwale. Katika miaka ya 1970 zikavunwa hapo tani zaidi ya 27. Piga hesabu mwenyewe: hata tukisema kilo moja ilitoa miligramu mbili, mzigo wote ule hautoi gramu 60. Vichaka vilivyokomaa vya eneo lile vilikwisha. Majaribio kwa wagonjwa yakaonyesha sumu kubwa mno, yakasimamishwa.

Lakini mayitansini haikufa. Mwaka 1977 wakemia wa Japani walipata molekuli zinazofanana nayo mno kutoka kwa bakteria. Bakteria huoteshwa kwenye mitungi, hawahitaji Shimba Hills. Kutokana na hao ikatengenezwa dawa iliyofungwa kwenye kingamwili inayoipeleka hadi kwenye seli ya saratani, na mwaka 2013 Marekani ikaiidhinisha kwa aina mojawapo ya saratani ya matiti. Kisha mwaka 2014, watafiti wa Dortmund, walewale wa ng'ombe wa Kameruni, walionyesha kwamba katika mizizi ya Putterlickia, ndugu wa Maytenus wa Afrika Kusini, mayitansini hutengenezwa na bakteria waishio ndani yake. Mpangaji ndiye aliyekuwa akipika, na sisi tulikuwa tukimsifu mwenye nyumba. Kama kundi lililovuna Kwale lingeliuliza swali la tatu kabla ya kunoa mapanga, vichaka vile vingekuwepo.

Uabaini nayo haijaachwa na mkasa huu. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walitangaza kuwa wameikuta katika damu ya binadamu, kama homoni. Kwa miongo miwili na zaidi wengine wameitafuta kwa mashine kali zaidi, na wapo waliotoka mikono mitupu. Kuna mnyama mmoja asiyebishaniwa: panya mwenye shungi wa Afrika Mashariki hutafuna gome la msunguti na kujipaka mate hayo kwenye manyoya ya ubavuni, na mbwa anayemng'ata hujuta, kama hakufa. Panya hadai ameitengeneza.

Tuwape Waata na Wasomali haki yao pia, bila kuwapaka sifa wasizozihitaji. Hawakujua kaboni 29, na hawakuwa na sababu ya kuzijua. Walijua mti gani, wachemshe kwa muda gani, na jinsi ya kupima. Bila hayo Arnaud asingekuwa na cha kuweka kwenye chupa. Sumu yao ndiyo iliyomsaidia baadaye Jens Skou wa Denmark kuthibitisha pampu ya sodiamu na potasiamu katika seli, ugunduzi wa mwaka 1957 uliompa Nobel mwaka 1997: uabaini huizima pampu hiyo, na hivyo ndivyo ndovu alivyoanguka. Itifaki ya Nagoya, inayotaka wenye mimea na maarifa wagawiwe faida, ilianza kutumika Oktoba 2014, miaka 126 baada ya fuwele za Paris.

Uabaini bado inauzwa kwa maabara za dunia, kwa miligramu. Kwenye lebo pana alama ya fuvu na mifupa, na juu yake neno la Kisomali.